Mwana-kondoo akifa, nani anapima ini lake?

Mwishoni mwa mwaka 2006, mvua kubwa za El Niño zilipofurika Kaskazini Mashariki mwa Kenya, wafugaji wa Kisomali waliona kondoo wakitupa mimba na wana-kondoo wakifa kwa wingi. Wakautaja ugonjwa kwa jina lake la kwao, sandik, yaani pua ya damu. Wakubwa walishtuka Desemba, pale wagonjwa walipoanza kufa Garissa. Homa ya Bonde la Ufa ikafika Somalia na Tanzania, na hadi katikati ya 2007 watu zaidi ya 300 walikuwa wamefariki katika nchi hizo tatu.

Tuseme wazi: elimu haikukosekana. Ugonjwa huu ulitambuliwa Kenya kwenyewe mwaka 1931, baada ya wana-kondoo wapatao 3,500 kufa katika shamba moja karibu na Naivasha. Watafiti wa Kabete walipasua mizoga, wakakuta maini yameharibika.

Tangu hapo inajulikana kwamba shahidi wa kwanza ni mwana-kondoo asiyetimiza wiki. Akishaugua hufa ndani ya siku moja au moja na nusu, kabla mwili wake haujatengeneza kinga. Kwa hiyo kutafuta kinga katika damu yake ni kupoteza muda. Linalosema ni ini, pamoja na bandama. Kipande kimoja huwekwa kwenye barafu ili maabara itafute chembe za urithi za virusi kwa kipimo cha PCR. Kingine hutiwa fomalini, kikatazamwe kwa hadubini. (Mfugaji asithubutu kupasua mwenyewe kwa mikono mitupu! Damu hiyo huambukiza watu.)

Kwa nini basi tunangoja binadamu afe? Barabara zilizokatika na mafuriko ni sababu moja. Nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo nzito zaidi, ni soko. Septemba 2000 ugonjwa ulipozuka Saudi Arabia na Yemen, Saudia iliwafungia mlango mifugo wa Pembe ya Afrika, na haikuufungua hadi 2009. Baada ya adhabu ya miaka tisa, nani atakimbilia kupeleka ini maabara?

Tunachodai si kikubwa. Kabla ya mvua, madaktari wa mifugo wa wilaya zinazofurika wapewe glovu, sanduku la barafu na mafuta ya gari. Na majibu yakitoka, mfugaji aambiwe siku hiyo hiyo.