Tusiwabeze Wakulima wa Fogo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hunijia kila nisikiapo watu wakiwabeza wakulima wa mizabibu wa kisiwa cha Fogo, nchini Cape Verde, ati ni wapumbavu waliorejea kulima kinywani mwa volkano.

Fogo ni neno la Kireno lenye maana ya moto. Mlima wake, wenye kimo cha mita 2,829, ulilipuka mwaka wa 1951 na tena mwaka wa 1995. Mnamo Novemba 2014 ulitapika kwa mara nyingine, na hadi ulipotulia Februari 2015, lava ilikuwa imevifukia vijiji vya Portela na Bangaeira katika bonde la Chã das Caldeiras. Nyumba, shule na kiwanda cha ushirika cha kutengenezea mvinyo viliangamia. Wakazi walikuwa wamehamishwa mapema, wakanusurika. Wakuu walitaka wakae mbali na bonde hilo. Wengi wakarudi na kujenga juu ya lava iliyokauka.

Je, huo ni upumbavu? Hebu tuitazame ardhi yenyewe. Mvua ya kisiwa hicho ni haba. Hata hivyo, changarawe nyeusi iliyotemwa na mlima hunyonya maji ya mvua na umande, ikayahifadhi chini na kuikinga mizizi dhidi ya jua kali. Mkulima huchimba shimo katika jivu hilo akapanda mzabibu, nao hutambaa karibu na ardhi pasipo kuegemezwa. Ndiko utokako mvinyo mwekundu wa Fogo, ambao ndio riziki ya jamaa nyingi za bondeni. Nyumba mtu aweza kujengewa popote, lakini jivu lile halihamishiki.

Sisemi kwamba hatari haipo. Mlima uliolipuka jana waweza kulipuka kesho. Wala siwahimizi wanafunzi waonje mvinyo! Wapo pia watakaouliza: na watoto wa bondeni, ambao hawakuchagua kuzaliwa hapo, watetewe na nani? Swali hilo ni zito, na halijibiwi kwa kusifu ushujaa wa wazazi wao.

Kwa maoni yangu, kulima na kulala ni mambo mawili tofauti. Mashamba na yabaki bondeni. Shule na makao ya kudumu yajengwe mahali ambapo lava haifiki kwa wepesi. Wajibu wa serikali ni kupima mitetemeko, kutoa onyo mapema na kuhakikisha barabara ya kutokea inapitika. Lakini kumwondoa mkulima kabisa kwa jina la usalama, bila kumwuliza atakula nini, ni kumwokoa na moto ili afe njaa.

Nawageukia walimu wenzangu wa Jiografia. Tumezoea kuandika ubaoni faida za volkano upande mmoja na madhara yake upande wa pili, wanafunzi wakakariri kwa ajili ya mtihani. Wafunzwe pia kwamba kwa mkulima wa Fogo faida na madhara hayo yamo katika shamba lile lile, na kwamba yeye hulazimika kuyapima kila msimu. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatakuwa mwepesi wa kumcheka.