Mwandishi Asiyeandika na Deni Letu

Kila mwaka, tunapoifikia mada ya ukopaji wa maneno, huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni majina sita: Mwandishi, Mchezaji, Jabali, Mwile, Mganga na Pepo Mtoto. Huwauliza wenye majina hayo ni akina nani. Wengi hudhani ni wahusika wa tamthilia fulani waliyosahau kuisoma. Huangua kicheko wanapoambiwa kuwa ni wanamuziki wa Marekani, na kwamba huyo Mwandishi, kiongozi wao, kazi yake ni kupiga kinanda.

Naye ni Herbie Hancock, aliyezaliwa mjini Chicago mnamo 1940. Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka saba, na alipotimiza miaka 11 alipiga kazi ya Mozart pamoja na okestra kuu ya mji huo. Katika Chuo cha Grinnell, jimboni Iowa, alianza na uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia muziki. Na uhandisi huo, kama tutakavyoona, haukupotea bure. Mwaka 1962 alitoa santuri yake ya kwanza. Mwaka uliofuata aliitwa na Miles Davis, mpiga tarumbeta aliyekuwa miongoni mwa vigogo wa jazi, akakaa katika bendi yake hadi 1968. Ni Davis aliyemwelekeza kwenye piano ya umeme iliyokuwa studioni, ala ambayo wanajazi wengi waliidharau. Mnamo 1969, Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul walikuwa wapiga vinanda watatu katika santuri moja ya Davis, In a Silent Way, mojawapo ya kazi zilizofungua njia ya jazi iliyochanganywa na roki.

Majina yale yalitoka wapi? Miaka hiyo Wamarekani weusi wengi walikuwa wakiutafuta upya uhusiano wao na Afrika. Huko Los Angeles, Maulana Karenga alikuwa amekichagua Kiswahili kuwa lugha ya harakati zake, kwa kuwa si mali ya kabila moja. Sikukuu ya Kwanzaa aliyoiasisi 1966 imejaa maneno yetu: umoja, ujima, nia, imani. Mfuasi mmoja wa harakati hizo, mpiga ngoma aitwaye James Mtume, ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi. Wenzake nao wakapata yao: Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma, Jabali, Bennie Maupin wa saksofoni, Mwile, Eddie Henderson wa tarumbeta, Mganga, na Julian Priester wa tromboni, Pepo Mtoto. Santuri yao iliyotoka 1971 ikaitwa Mwandishi.

Mtaalamu wa lugha akikabidhiwa orodha hiyo, mkono humwasha kutafuta kalamu nyekundu. Waliyekusudia kumwita Mwandishi ni mtu anayebuni muziki. Huyo kwetu ni mtunzi. Williams aliitwa Mchezaji kwa sababu katika Kiingereza ala huchezwa. Katika Kiswahili ala hupigwa. Anayecheza ni yule aliye uwanjani akiyumbisha kiuno, ndiyo maana wahenga wakasema mcheza kwao hutunzwa. Mwile bila shaka ni mwili. Na Pepo Mtoto, jina lililokusudiwa kubeba utakatifu, kwa bibi yeyote wa Pwani lingekuwa sababu ya kutafuta ubani. Yaliyokaa barabara ni Jabali, kwa mtu aliyeibeba bendi nzima kwa mapigo yake, na Mganga, maana Henderson alikuwa daktari aliyehitimu, akitibu wagonjwa na kupiga tarumbeta. Wapo pia wakosoaji wanaouliza, na swali lao ni halali, kwa nini wachague Kiswahili ilhali mababu wa wengi wao walivushwa bahari kutoka Afrika Magharibi.

Kwa miaka kadhaa nililifundisha somo hili hivyo, kama zoezi la kusahihisha makosa, tukacheka na kuondoka. Nakiri leo kwamba nilikuwa nikikosea mimi. Tazama upande wa pili wa biashara hii ya maneno. Sisi nasi tulilichukua neno lao, jazz, tukalibandika kwenye bendi zetu za dansi: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, Shirati Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz. Muziki wa bendi hizo, pamoja na utamu wake wote, haukuwa jazi kwa maana ya Chicago wala New York. Neno lilipovuka bahari lilibadilika maana, likapata kazi mpya, na bendi zikalitukuza kwa magitaa yao. Neno lililokopwa halihukumiwi kwa usahihi wake siku ya kwanza. Huhukumiwa kwa kazi linalofanyishwa.

Basi na tuulize Mwandishi alifanyishwa kazi gani. Kipande cha kwanza cha santuri ile kimetungwa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati aliyekuwa kizuizini wakati huo na ambaye mahakama ilimwachilia huru 1972. Kimejengwa juu ya mzunguko wa besi wa mapigo 15 unaorudi na kurudi bila kuchoka, huku kila mpigaji akitunga papo kwa papo juu yake. Malenga wetu waliojibizana bila karatasi wangeielewa kazi hiyo mara moja. Katika Crossings ya 1972, bendi ilimkaribisha Patrick Gleeson pamoja na sinthesaiza yake, mashine inayounda sauti kwa umeme, na hapo ndipo yule mwanafunzi wa zamani wa uhandisi alipojiona nyumbani. Iliyofuata, Sextant ya 1973, ilikwenda mbali zaidi. Muziki huo ulikuwa mgeni mno kwa masikio ya wakati wake. Gharama za bendi zilikuwa kubwa, wanunuzi wachache, na mwaka huo huo bendi ikavunjika.

Hancock mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa amechoka kuelea angani, akataka muziki unaokanyaga ardhi. Alimbakiza Maupin pekee, akaunda kundi jipya, na santuri ya Head Hunters ya 1973 ikanunuliwa kupita nakala milioni moja. Ndani yake aliurudia wimbo wake wa 1962, safari hii ukianza kwa sauti ya chupa inayopulizwa kuiga filimbi na uimbaji wa watu wa misitu ya Afrika ya Kati. Mnamo 1983 wimbo wake Rockit uliwaingiza jazini vijana waliokuwa hawajawahi kusikia jina la Miles Davis. Alipata Oscar kwa muziki wa filamu Round Midnight, na mwaka 2008 tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Kwa ufupi, aliiacha bendi ya Mwandishi, lakini hakuuacha uthubutu alioujifunza humo. Na Jabali? Wanajazi bado humwita Billy Hart kwa jina hilo, zaidi ya nusu karne baadaye.

Mwaka jana, nilipomaliza masimulizi haya, mwanafunzi mmoja wa kike aliyekaa nyuma aliinua mkono. "Mwalimu," akaniuliza, "wao walikosea wakikitumia Kiswahili kwa jambo jipya. Sisi tusiokosea tunakitumia kwa jambo gani?" Darasa likanyamaza. Nilijaribu kumweleza kwa Kiswahili kile hasa ambacho Hancock hukifanya kwa vidole vyake: jinsi anavyozipanga sauti kadhaa zikalia pamoja, anavyoiacha moja ikwaruzane na nyingine, anavyoghairi mwishoni. Nilifika nusu ya njia, nikajikuta nakimbilia Kiingereza kama mtu aliyepungukiwa nauli katikati ya safari. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu!

Swali lile halijaniacha. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima la kutahiniwa katika shule zetu. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kenya anapokiondoka chumba cha somo la Kiswahili na kuingia cha muziki, cha fizikia au cha kompyuta, hukiacha mlangoni kama viatu. Tumemfunza ngeli, methali na tanakali za sauti, akazikariri, akapita mtihani. Hatukumpa nafasi ya kukifanyia Kiswahili kazi ambayo hakijawahi kuifanya. Aghalabu tunapomkuta akijaribu, huwa wa kwanza kumcheka, kama nilivyomcheka Mchezaji.

Sisemi kwamba kosa si kosa. Mwili utabaki mwili, na ala zitaendelea kupigwa. Nasema kwamba kalamu nyekundu ni chombo cha mwisho, si cha kwanza. Neno kinanda lenyewe lilianza na ala za nyuzi za Pwani, likahamia piano, na leo linakibeba kinanda cha umeme pale Mombasa katika taarabu bila kulalamika. Lilifika huko kwa kutumiwa na watu waliokuwa na jambo la kusema.

Shirika la UNESCO, ambalo Hancock amekuwa balozi wake mwema tangu 2011, lilitenga Aprili 30 kuwa siku ya jazi duniani, naye akiwa mstari wa mbele kuitetea. Miaka kumi baadaye, 2021, shirika hilo hilo likaitenga Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani. Siku yao husherehekewa kwa kupiga jazi. Siku yetu aghalabu husherehekewa kwa hotuba za kukisifu Kiswahili.

Walimu wenzangu, mgeni njoo mwenyeji apone. Muhula huu ombeni darasa lieleze kwa Kiswahili jambo moja ambalo halijapata kuelezwa kwa Kiswahili shuleni mwenu: jinsi sinthesaiza inavyounda sauti, au kwa nini mapigo 15 humfanya msikilizaji ajikwae. Watakosea. Waacheni wafike mwisho wa sentensi kabla ya kuwasahihisha. Mimi nimeanza na yule binti aliyeniuliza swali. Tasnifu yake inahusu istilahi za muziki, na kila juma hunijia na maneno ambayo sikuyajua.