Simu na Masomo

Wako wazazi, Kisorya na kwingineko, wasemao kwamba simu humharibu mtoto, heri asiiguse kabisa. Neno hilo si la haki. Ziwa nalo huua, lakini watu huvuka kwa kivuko mpaka Rugezi, Ukerewe. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya shule katika maktaba yake ya intaneti, na mwanafunzi huvisoma bila kuvinunua. Kweli, wadanganyifu nao wamo. Ule ujumbe, “Ile pesa tuma kwenye namba hii,” umewaibia watu wazima, sembuse mtoto. Basi mtoto asimpe mgeni picha wala namba ya siri, na akitishwa amwambie mzazi upesi. Wala mzazi asimpige, kwa kuwa mtoto aliyepigwa kwa kusema kweli hunyamaza siku nyingine, na mwovu huendelea kumwandikia.