Korea Kaskazini: urani iko nyumbani, mafuta yako kwa jirani

Tangu Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza la bomu la nyuklia, Oktoba 2006, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa limeiwekea vikwazo mara kadhaa. Mabomu yameendelea kutengenezwa. Sababu moja ni kwamba mali ghafi yake inatoka chini ya ardhi ya nchi hiyo yenyewe.

Wasomaji wa Katanga wanaielewa urani. Ile ya Shinkolobwe ilisafirishwa hadi Marekani na kutumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Urani ya Pyongsan, kusini-mashariki mwa Pyongyang, haivuki mpaka wowote. Inachimbwa na kusafishwa hapohapo, kisha inatumika katika vinu vya ndani. Hakuna meli ya kuzuia wala akaunti ya benki ya kufunga.

Makaa ya mawe, kinyume chake, yalikuwa yakiuzwa nje. Mwaka 2016 China ilinunua karibu tani milioni 22.5, zenye thamani ya karibu dola bilioni 1.2. Agosti 2017 Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara hiyo, pamoja na chuma na risasi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza baadaye jinsi makaa yalivyohamishwa kwa siri kutoka meli moja hadi nyingine baharini. Yanayobaki yanazalisha umeme, yanatengeneza mbolea, hata nyuzi za nguo ziitwazo vinaloni.

Mafuta ndiyo shida kubwa. Korea Kaskazini haichimbi mafuta yake. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mafuta ya bei nafuu yalitoweka, matrekta yakasimama, viwanda vya mbolea vikazorota. Mafuriko yalipokuja, njaa ya katikati ya miaka ya 1990 iliua mamia ya maelfu ya watu. Tangu hapo uhai wa nchi unategemea sana bomba linalotoka Dandong, China.

Desemba 2017, azimio namba 2397 liliweka kikomo cha mapipa 500,000 ya mafuta yaliyosafishwa kwa mwaka, na milioni 4 ya mafuta ghafi. Kulifunga bomba kabisa, China haikukubali. Inaogopa wakimbizi mpakani, na zaidi ya hapo, jeshi la Marekani kufika mto Yalu.

Sasa kuna mlango wa pili. Machi 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kuzuia kundi la wataalamu waliofuatilia vikwazo lisiongezewe muda. Mwezi huohuo picha za setilaiti zilianza kuonyesha meli za mafuta za Korea Kaskazini katika bandari ya Vostochny, Urusi. Juni, Putin na Kim Jong Un walisaini mkataba wa kusaidiana kijeshi, na kabla ya mwaka kwisha askari wa Korea walikuwa Kursk. Beijing, iliyozoea kushika bomba karibu peke yake, haiwezi tena kutisha kulifunga kama zamani.