Breki Ziunguzwe Kiwandani, Si Mteremkoni Nithi

Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilivunja kingo za daraja la Nithi likatumbukia bondeni. Watu zaidi ya 30 walifariki. Taarifa za awali zilitaja breki kufeli. Haukuwa msiba wa kwanza darajani pale, na serikali iliahidi kuipanga upya barabara. Tunaitaka itimize ahadi hiyo. Lakini hata Nithi ikinyooshwa, kutoka Embu hadi Meru dereva bado atashuka Thuci, atashuka Mutonga, na kila bonde litamdai breki.

Wenye magari wengi huamini kwamba breki mpya ni breki salama. Imani hiyo inaua.

Laini ya breki hufinyangwa kwa nyuzi, chembe za chuma na madini, vikashikanishwa kwa rezini. Joto likipita nyuzi 300 hivi za Selsiasi, rezini huanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi hiyo ikijaa kati ya laini na ngoma ya gurudumu, laini huteleza badala ya kushika. Dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote na gari haliitiki. Laini ambayo haijawahi kupata moto ndiyo yenye gesi nyingi zaidi ya kutoa. Na joto halikosi: basi la tani 16 likishuka kimo cha mita 100 kwa breki peke yake, breki humeza joto la kuchemsha lita zaidi ya 40 za maji.

Ndiyo sababu watengenezaji makini huunguza uso wa laini kabla haijafungwa katika katoni. Wengine hutumia bamba la moto, wengine ndimi za gesi. Siku hizi ipo pia njia ya leza: mwale hupita juu ya uso na kuchoma tabaka jembamba tu, kwa kina kilichopimwa, bila kudhoofisha sehemu ya ndani. Gesi inatokea kiwandani, mahali ambapo haina wa kumuua.

Mtengenezaji anayeiruka hatua hii anapunguza gharama, na gharama hiyo inahamia mteremkoni. Simama chini ya bonde lolote kati ya Chuka na Nkubu uone: lori limeegeshwa, magurudumu yanafuka moshi, utingo amesukumia jiwe chini ya tairi na anamwagia ngoma maji baridi. (Maji hayo yanaweza kuipasua ngoma.) Ukiifungua, utaikuta laini inang'aa kama kioo. Haitashika tena ilivyopaswa.

Ulaya, pedi na laini za kubadilishia haziuzwi bila kupimwa chini ya Kanuni nambari 90 ya Umoja wa Mataifa. Hapa Kenya, Shirika la Viwango, KEBS, linasimamia ukaguzi wa bidhaa huko zinakotoka tangu 2005. Tunalitaka lichukue laini kutoka rafu za maduka ya spea ya Embu, Chuka na Meru, lizipime zikiwa za moto, na kutangaza matokeo kwa majina ya bidhaa. Cheti cha huko zinakotoka hakimlindi abiria aliyeketi nyuma ya dereva. NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nayo inapokagua gari la abiria kila mwaka, ijue kwamba breki iliyopimwa ikiwa baridi haijaonyesha itakavyokuwa chini ya Nithi.

Mwagizaji anayejua kwamba mzigo wake ni wa bei rahisi kwa sababu umerukiwa hatua ya kuunguzwa, na bado akauuza, ana deni la damu. Mwenye gari anayenunua laini hizo ili kuokoa pesa kidogo yuko naye katika deni hilo.

Fundi hatumsahau. Laini mpya inahitaji kuzoeshwa: kupunguza mwendo taratibu mara nyingi, na kuiacha ipoe kila baada ya mara chache, katika barabara tambarare kama ile ya Mwea. Basi lililofungwa laini jioni halipaswi kupakia abiria wa Mombasa alfajiri. Fundi amwambie mwenye gari hivyo ana kwa ana, aandike kwenye risiti, na abaki na nakala yenye sahihi ya mwenye gari.