Windows ya Elfu Kumi Ni Ghali

Wanachuo wenzangu, naanza kwa kukiri. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikijitafutia hela ya kula kwa kupiga Windows. Bumu likichelewa, nachukua flashi yangu napita kwenye steshenari na vibanda vya jirani na chuo. "Mama, shikamoo. Kompyuta yako naona inasuasua, nikupigie Windows mpya?" Bei ni elfu kumi, na ukitaka na Office ndani, elfu kumi na tano. Baada ya saa mbili mashine inawaka vizuri, mama anashukuru, mimi nakwenda kula wali na samaki. Sikuwahi kuona ubaya wake. Darasani kwetu wanaofanya hivyo ni wengi, na tunajuana.

Muhula uliopita mwenye steshenari mmoja niliyewahi kumhudumia alinipigia simu. "Mwanangu, njoo uone, mashine yangu sijui imeingiwa na nini." Nikaenda. Kila faili lilikuwa limeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, na hakuna lililofunguka. Kwenye kila folda kulikuwa na barua ya Kiingereza: lipa dola 980 urudishiwe mafaili yako, na ukiwahi ndani ya saa 72, dola 490. Mama akaniuliza ni shilingi ngapi. Nilipomwambia kwamba hiyo nusu tu inapita milioni moja, alivuta kiti akakaa, akanyamaza.

Ndani ya mashine ile kulikuwa na daftari lake la madeni la miaka mitatu, alilokuwa akiliandika kwenye Excel. Kulikuwa na kadi za harusi za wateja ambao sherehe zao zilikuwa wiki inayofuata. Kulikuwa pia na ripoti za riseachi za wenzetu walioziacha pale wazimalizie kesho yake. Mama hakulipa, maana hela hiyo angeitoa wapi? Wadaiwa waungwana walikuja wenyewe wakamtajia wanachodaiwa. Wengine mpaka leo wakitaka kopi wanazunguka njia ya nyuma.

Sasa nifike panaponiuma. Virusi vya namna ile vinajulikana kwa majina ya STOP na Djvu, na mlango wao mkubwa unajulikana pia: programu zilizokrakiwa na aktiveta za bure tunazozishusha mtandaoni. Siwezi kuthibitisha kwamba vilipita kwenye flashi yangu. Lakini nakumbuka hatua ya kwanza niliyoifanya siku ile ya elfu kumi. Nilizima Windows Defender, kwa sababu aktiveta haikubali kukaa mpaka mlinzi aondoke. Yaani nilimfukuza mlinzi, nikamkaribisha mgeni nisiyemjua, kisha nikamtoza mwenye nyumba.

Hosteli tunabishana sana kuhusu mfumo endeshi upi ni salama. Mmoja ni wa Windows, mwingine ni wa Linux, na mwenye Mac yake anatutazama tu. Mimi nasema ubishi huo unaanzia pasipofaa. Kwa biashara ndogo, mfumo salama ni ule ambao waliouunda bado wanautumia masahihisho, na mwenye duka anaweza kuyapokea bila kuogopa kukamatwa wala kumaliza bando. Jina lililoandikwa kwenye skrini linakuja baadaye.

Chukueni mfano wa WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sahihisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo virusi vikapita kwenye tundu hilohilo na kuenea katika nchi zaidi ya 150. Uingereza hospitali za umma zilikwama, miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa maelfu. Kompyuta nyingi zilizopigwa zilikuwa Windows 7, na Windows 7 iliyopokea sahihisho la Machi haikuguswa na tundu lile. Mfumo ni uleule, na kilichowatofautisha wenye mashine hizo ni kusasisha, kwa miezi miwili tu.

Halafu geukeni mtazame steshenari zetu. Windows 7 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Januari 2020, lakini bado mnaiona ikiwaka na ile picha yake ya bluu. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Na hata ambako toleo ni jipya, sisi mafundi wa mtaani ndio tunaozima masahihisho. Tunasema yanakula bando, na kwa kweli tunaogopa yataijua kraki yetu.

Basi mwenye duka afanye nini? Jibu linategemea mashine aliyonayo. Mashine nyingi za mtaani ni za mtumba, zilizotumika maofisini Ulaya au Uarabuni. Kabla ya kufomati chochote, angalieni kwanza. Kuanzia enzi za Windows 8, watengenezaji wengi wa kompyuta huhifadhi leseni halali ndani ya mashine yenyewe. Ukiweka toleo lilelile lililotoka nalo kiwandani, ukaunganisha intaneti, linajitambua lenyewe bila aktiveta. Ni mara ngapi tumefuta mali halali ya mtu tukampachikia ya wizi, tena kwa kumtoza? Mimi sijui zangu ni ngapi, kwa sababu sikuwahi kuangalia.

Kama mashine ni ya karibuni, Windows 11 halali ni chaguo zuri. Shida ni masharti yake. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Mashine nyingi za mtumba hazifiki hapo. Na kama leseni haimo ndani, kununua mpya kunaweza kukaribia bei ya kompyuta yenyewe. Mwenye duka wa kopi za shilingi mia hawezi kuelewa hesabu hiyo, na hana kosa.

Kwa mashine hizo za zamani mimi natetea Linux, hasa Ubuntu au Linux Mint. Ni bure kihalali. Ubuntu 24.04 iliyotoka Aprili 2024 inaendelea kupokea masahihisho ya kawaida hadi 2029, na Mint 22 iliyojengwa juu yake inakwenda nayo. Programu zinatoka kwenye hifadhi moja inayokaguliwa, kwa hiyo huna sababu ya kuzungukia tovuti za ovyo kutafuta kraki. Na kwa steshenari kuna faida nyingine. Vile virusi vya flashi vinavyogeuza folda kuwa shotikati viliandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux haviwaki, na zile folda zako ulizodhani zimepotea unaziona zote.

Wapo watakaonijibu kwamba fundi wa Linux hapatikani, na kwamba wateja wamezoea Word. Hoja hizo ni za kweli. Faili la Word likifunguliwa kwenye LibreOffice linaweza kuhama, jedwali likaangukia ukurasa wa pili, na mhadhiri hataki kusikia habari za mfumo endeshi. Printa nyingine draiva yake inasumbua. Anayebuni kadi kwa programu za Adobe hatazikuta huko. Ndiyo maana sisemi kila duka lihamie Linux kesho asubuhi. Nasema mwenye mashine mbili azigawie kazi: moja ya kupokea flashi za watu na kuprinti, iwe Linux, na nyingine ya kubuni na kutunza hesabu, iwe Windows halali isiyochomekwa flashi ya mteja hata akibembeleza.

Na tusidanganyane kwamba Linux ni hirizi. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa, na baadhi ya waliopakua siku ile walipewa toleo lenye mlango wa siri. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona muunganisho wa mbali unachelewa kwa nusu sekunde tu, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya programu ya XZ inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Mfumo wowote unataka kusasishwa, na mtumiaji asiyeingia kama msimamizi kwa kazi za kila siku, na bakapu kwenye diski ya nje inayochomolewa kazi ikiisha. Diski inayobaki imechomekwa usiku kucha, virusi vya kufunga mafaili vinaifunga pamoja na mashine.

Kama bado mnadhani haya ni mambo ya mama wa steshenari peke yake, siku moja mkiwa kwenye foleni ya kuprinti tazameni skrini yake. Mtaona vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, fomu za mkopo, matokeo ya kidato cha sita, barua za wadhamini. Ni vyetu. Tulivileta kuskani, tukaondoka, havikufutwa. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwenye duka hajaisikia. Sisi tumeisikia, ila tunamwachia aktiveta kwenye mashine yenye vyeti vyetu wenyewe.

Naomba mambo mawili. La kwanza ni kwetu wapiga Windows: tuendelee kufanya kazi, tulipwe, lakini tuuze kilicho halali. Elfu kumi ya kumwekea mama Mint, kumfungulia akaunti isiyo ya msimamizi, kumpangia masahihisho yashuke kwa bando la usiku na kumfundisha kutunza bakapu ni hela safi kabisa. La pili ni kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila muhula mnatuandalia bonanza. Tengeni Jumamosi moja wanafunzi wa kompyuta wakae uwanjani, wenye maduka ya jirani walete mashine zao, zikaguliwe bure. Intaneti ya chuo ipo, na watu wa kazi hiyo tupo.

Mimi nimeshaanza. Nilirudi kwa yule mama nikamwekea Mint kwenye mashine ya kuprintia, bila kumtoza. Printa ilinisumbua siku mbili nzima. Alilalamika kwamba mambo yamehama, akanibandikia kazi ya kumwandikia tangazo ukutani: "Leteni PDF." Sasa ameshazoea. Daftari la madeni ameanza upya, na kila jioni anachomoa diski yake anaiweka kwenye mkoba.

Yale ya miaka mitatu hayakurudi. Siku nilipomweleza kwamba huenda ni mimi, alinitazama kidogo akasema, "Si ulikuwa hujui, mwanangu." Kuanzia siku ile najua, na ninyi mliosoma mpaka hapa mnajua pia.