Wapelekeni wanafunzi kazini kabla hawajachagua tahasusi

Mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania hujaza Selform, fomu ya machaguo yake, kabla hajaketi kwenye mtihani wake wa mwisho. Humo huonyesha tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, ambazo angependa kuzisoma kidato cha tano, au chuo ambacho angependa kujiunga nacho. Kwa miaka mingi orodha ilikuwa fupi na wazazi waliikariri: PCB ya udaktari, PCM ya uhandisi, HGL ya sheria, EGM ya uchumi. Mwaka 2024 Serikali iliipanua hadi tahasusi 65, zikiwamo za michezo, sanaa na biashara. Hatua hiyo inastahili pongezi, kwani vipaji vya watoto wetu havikuwahi kuenea ndani ya herufi chache. Lakini imeongeza uzito wa uamuzi unaoachiwa kijana wa miaka 16 au 17 ambaye, mbali na ualimu, pengine hajawahi kuiona kwa karibu hata moja ya kazi za kisomo anazozitamani. Matokeo yake huchagua kwa kufuata alama, matakwa ya baba, au njia aliyopita kaka yake.

Shule za Kikristo zina uwezo wa kulirekebisha hili kuliko shule nyingine yoyote, na chombo cha kulirekebishia zinacho tayari. Utamaduni wa kambi umekomaa ndani yake. Wanafunzi Wakatoliki wana umoja wao wa TYCS, Waprotestanti wana wao wa UKWATA na mikutano yake ya Pasaka, na karibu kila shule ya kanisa ina mafungo ya kuwaombea watahiniwa. Tatizo ni jinsi saa za kambi zinavyotumika. Asubuhi ni ibada, mchana ni mada, na mada ya ajira hutolewa na mgeni mwalikwa anayewahimiza vijana wajitume na wawe na ndoto kubwa. Wanashangilia, wanapiga naye picha, wanarudi bwenini. Selform inabaki na maswali yaleyale. Hoja yangu ni kwamba kambi ya madarasa ya juu iwe siku za kuingia kazini na kubeba dhamana, na kwamba kanisa halihitaji kutafuta mbali mahali pa kuwapeleka vijana hao.

Hebu tutazame kanisa lina nini. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza, zote zilizofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali kubwa zenye mizizi ya kanisa. Haydom, kule Mbulu, ni ya Walutheri. Peramiho na Ndanda, abasia za Wabenediktini, zimejenga kwa miongo mingi hospitali, karakana na viwanda vya uchapaji. Ongeza redio za majimbo na dayosisi, mashamba, vyuo vya ufundi, vyama vya kuweka na kukopa, na ofisi za fedha zinazokaguliwa kila mwaka. Mwaka 1992 Serikali ilitiliana saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu, kwa kutambua ukubwa wa mchango huo. Pamoja na utajiri wote huu, mwanafunzi anaweza kusoma miaka minne katika shule ya dayosisi iliyo jirani na hospitali ya dayosisi hiyohiyo, na asiingie humo hata siku moja ila anapougua malaria.

Chukua siku mbili tu za hospitali, kwa msichana wa kidato cha tatu anayesema anataka kuwa daktari kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee ya afya anayoijua kwa jina. Asubuhi anasikiliza wauguzi wa usiku wakikabidhi zamu, na majina ya wagonjwa yakiwa yamefichwa. Baadaye anakaa na mtaalamu wa maabara anayeeleza kwa nini sampuli iliyochelewa hutupwa. Anaona chumba ambamo vyombo vya upasuaji hutakaswa, na jinsi upasuaji unavyosimama ikiwa mashine ya humo imeharibika. Anakutana na fundi wa vifaa tiba, mfamasia, mtunza kumbukumbu na mhasibu wa bima. Anawauliza walisoma nini, wapi, kwa gharama gani, na nini kinawachosha. Huenda akatoka na nia ileile ya udaktari, safari hii akijua anachokitaka. Huenda akagundua kwamba kinachomvutia ni mashine. Kwa vyovyote vile, Selform yake itajazwa na mtu aliyeona.

Wala njia hii si ngeni kwa kanisa. Anayefikiria upadre au utawa haachiwi kuamua kwa kusikia mahubiri pekee. Kuna semina za miito, kuna ziara za kukaa nyumba ya malezi na kuona maisha yenyewe, kuna mlezi wa kuzungumza naye faraghani, na kuna muda wa kurudi nyuma bila aibu. Kanisa limejifunza kwa uzoefu mrefu kwamba uamuzi wa maisha hupimwa kwa kuonja. Ikiwa tunaamini kwamba Mungu huita pia mpima ardhi, muuguzi na fundi bomba, basi uangalizi huohuo unawahusu, tena wao ndio wengi darasani.

Uongozi nao ufundishwe kwa njia hiyohiyo. Shule zetu nyingi zina viranja, kaka mkuu na dada mkuu, lakini kazi wanayopewa mara nyingi ni kuandika majina ya wapiga kelele na wachelewaji. Huo ni usimamizi wa niaba, na humzoeza kijana kuamini kwamba kiongozi ni yule asiyepanga foleni ya chakula. Kambi inaweza kuwapa dhamana halisi. Wanafunzi wapewe bajeti na wapange wenyewe kilo za mchele na maharage, zamu za kuchota maji na ratiba ya usafiri, huku mwalimu akiwa mshauri. Mwenye ufunguo wa stoo asimame kila jioni mbele ya wenzake aeleze sukari iliyotoka na iliyobaki. Kijana aliyewahi kutoa hesabu mbele ya watu aliowalisha ameanza kujua uongozi ni nini, na shule inayofundisha kwamba Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu haiwezi kuridhika na uongozi wa kupuliza filimbi.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wakuu wa shule: muda hautoshi na mtihani unakaribia. Nalielewa, kwa sababu wazazi hutazama matokeo kabla ya kitu kingine. Lakini tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule kumi bora, na hiyo ni fursa ya kupumua kidogo. Isitoshe, shule hizohizo hupata muda wa kuwabakiza wanafunzi likizo kwa kambi za kitaaluma za kurudia mada. Siku tano baada ya mtihani wa kumaliza kidato cha tatu hazitaangusha ufaulu wa mtu. Kinachogharimu zaidi ni miaka miwili ya tahasusi isiyomfaa mwanafunzi. Wapo pia watakaosema Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linatosha. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyorejeshwa mwaka 2013, yana faida zake, lakini huja baada ya kidato cha sita, wakati tahasusi imeshachaguliwa, na vijana wengi wameshaishia kidato cha nne.

Pingamizi la gharama na usalama ni zito zaidi. Mzazi amechoshwa na michango, na ni haki yake. Ndiyo maana kambi ninayoisema isihame mbali: kituo cha jirani, mabweni yaliyopo, chakula cha shule, wenyeji wasiolipwa posho. Kuhusu usalama hakuna nafasi ya kubahatisha. Mzazi aridhie kwa maandishi, matroni awepo usiku na mchana, mtu mzima yeyote asikae peke yake na mwanafunzi mahali pa kificho, na mwanafunzi ajue ni nani wa nje ya shule anayeweza kumpelekea malalamiko. Shule isiyoweza kutimiza hayo isiitishe kambi. Kuvaa kola ya uchungaji hakumwondoi mtu katika sharti hata moja.

Wapo wanafunzi Waislamu katika shule hizi, na baadhi ya wazazi watahofu kwamba ziara ni mlango wa kubadilisha dini. Jibu liwe la wazi: ibada iwe ya hiari, kama ibara ya 19 ya Katiba inavyolinda uhuru huo, na ziara za kazini ziwe za wote kwa usawa. Maabara ya Bugando inampima kila mgonjwa bila kumuuliza dini, na mwanafunzi anayeitembelea anastahili ukarimu uleule. Orodha ya vituo pia isiishie kwenye mali za kanisa. Ofisi ya halmashauri, gereji ya mtaani na duka la dawa la muumini yeyote ni shule pia.

Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, kupitia idara zao za elimu, zinaweza kuanza kwa waraka mmoja unaoitaka kila hospitali, redio na karakana ya kanisa kutenga siku chache kwa mwaka kwa wanafunzi wa kidato cha tatu. Wakuu wa shule wanaweza kuziweka siku hizo kwenye kalenda ya mwaka ujao bila kusubiri waraka. Wazazi nao, kwenye mkutano ujao wa shule, wakimaliza kuuliza kuhusu ufaulu, waulize swali la pili: mtoto wetu ataona kazi gani kwa macho yake kabla hajajaza Selform?